Bunduki mpya ya Ruger 10/22: bolti ikijifunga usidhani ni mbovu

Wiki hii wawili wameniuliza jambo lilelile: risasi zikiisha, bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu) inarudi mbele na kujifunga, ukivuta triga unasikia "tak" tu. Yangu ilinifanyia hivyohivyo hapa Ohio nikaibeba hadi dukani. Muuzaji alicheka. Bunduki hii iliingia sokoni mwaka 1964, na magazini yake (kasha la risasi) ya risasi 10 haina kitu cha kuizuia bolti zikishaisha.

Shida ni kwamba bolti iliyofungwa haikwambii kama chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, ina risasi. Kwa hiyo zoea hivi:

Hatua ya 1. Mtutu uelekee pasipo na mtu, kidole nje ya triga. Chomoa magazini kwanza. Ukianza na kukoki (kuvuta bolti nyuma na kuiachia) magazini ikiwa ndani, unatoa risasi moja na kuingiza nyingine. Na kuchomoa magazini peke yake hakutoshi: iliyobaki chemba itafyatuka vilevile.

Hatua ya 2. Vuta mkono wa bolti hadi mwisho, ushikilie, kisha bonyeza ule ulimi mdogo wa chuma mbele ya kikinga triga ili bolti ikwame nyuma. Chungulia chemba. Mimi humulika na tochi ya simu, hata mchana.

Hatua ya 3. Kuiachia ndiko kunakotoa watu jasho. Vuta bolti nyuma kidogo, bonyeza upande wa juu wa ulimi, achia. Wengi huchoka, wakanunua kipuri kinachoiachia kwa kuvuta tu.

Hatua ya 4. Ukipakia, iache bolti irudi kwa springi yake. Ukiisindikiza kwa mkono haifungi sawasawa.

MASWALI

Kaka, sefti yangu (kitufe cha usalama) haisukumiki kabisa.
Nyundo haijakaa tayari. Koki kwanza, itaingia. Ukiona duara jekundu kwenye sefti, jua inaweza kufyatua.

Mkono wa bolti umenigonga kidole gumba, ni kawaida?
Kawaida. Unakwenda na kurudi pamoja na bolti kila risasi. Pole, lakini hutarudia.

Risasi zisizo na kelele zinakwama, maganda hayatoki.
Bolti husukumwa na nguvu ya risasi yenyewe, na hizo ni dhaifu. Jaribu za kasi kubwa kabla hujamlaumu fundi.

Mzee, imelia "tak" na magazini bado ina risasi. Nifungue?
Usifungue papo hapo! Risasi inaweza kuchelewa kulipuka. Mtutu ubaki kwenye shabaha, hesabu polepole hadi 30, chomoa magazini, ndipo uitoe. Itazame kitako: pini ya bunduki hii hugonga ukingoni, si katikati. Alama ikiwa imezama vizuri, kosa ni la risasi, hizi ndogo hugoma mara mojamoja. Alama ikiwa hafifu kila mara, hata baada ya kuisafisha, hapo irudishe dukani. Hapo hawatakucheka.