Namna ya kutumia kitenzi "overfly" bila kuteleza

Natafsiri habari hapa Nairobi, na habari za usafiri wa anga zikiingia, kitenzi hiki hakikosi. Hivi ndivyo ninavyokishughulikia.

Hatua ya 1: Angalia kilicho chini ya ndege

"Overfly" ni kupita angani juu ya mahali bila kutua hapo. Ndege ikitoka Addis Ababa kwenda Johannesburg, ikapita juu ya Kenya moja kwa moja, basi "it overflies Kenya". Ni neno la marubani, wanajeshi na wanasheria, na lina uzito wake. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ule wa kimataifa kuhusu usafiri wa anga, katika kifungu cha 1, unatambua kwamba kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga yake. Ndiyo maana neno hili huandamana na habari za vibali na mipaka. Mwewe akipita juu ya vifaranga vya jirani kule Kayole, andika "flew over" na uendelee na kazi.

Hatua ya 2: Kinyambue sawasawa

Wakati uliopo ni "overfly" au "overflies", uliopita ni "overflew", na baada ya "has", au "was" ya kutendwa, ni "overflown". "Overflied" haipo. Hatari zaidi ni "overflowed", kwa sababu hilo ni neno halali la kitenzi kingine, "overflow", yaani kufurika. Mto Nairobi ukivunja kingo, "it overflowed". Ukiandika "the plane overflowed Kenya", kompyuta haitapiga mstari mwekundu hata kidogo, na kosa litachapishwa.

Hatua ya 3: Usirudie "over"

Kitenzi hiki hupokea mahali moja kwa moja: "Small planes from Wilson overfly Nairobi National Park." Ukisema "overfly over the park", umesema jambo moja mara mbili.

Hatua ya 4: Tenga nomino zake

"Overflight" ni kule kupita kwenyewe, na "overflight permit" ni kibali cha kupita katika anga ya nchi. Kitenzi hukazwa mwishoni, kwenye "fly", lakini nomino hukazwa mwanzoni. Ndege za jeshi zikipita kwa heshima siku ya Jamhuri, hiyo kwa Kiingereza cha Uingereza ni "flypast". Wamarekani huiita "flyover", neno ambalo kwetu ni barabara ya juu, kwa hiyo mimi huliepuka.

Hatua ya 5: Lete Kiswahili kinachoeleweka

Hapa ndipo wengi huharakisha. Wanaandika "ndege iliruka juu ya nchi", ilhali kuruka kwetu ni pia kupaa, na ni pia kuchupa. Kama ni nchi, andika "ilipita katika anga ya". Kama ni jengo, mbuga au mji, "ilipita juu ya" inatosha.

Chukua mfano wa Mei 1, 1960, siku ambayo ndege ya kijasusi ya Marekani aina ya U-2, iliyorushwa na Francis Gary Powers, ilitunguliwa. "Powers was overflying the Soviet Union" mimi ningeiweka hivi: "Powers alikuwa akipita na ndege yake katika anga ya Muungano wa Sovieti." Kitenzi chenyewe hakisemi kama kibali kilikuwepo. Ukitaka kuandika "aliingia bila ruhusa", hakikisha habari yenyewe imesema hivyo.

Hatua ya 6: Soma sentensi inayofuata

Rubani anayeelekea kiwanja cha vumbi kule Maasai Mara huweza kupita chini chini kwanza, aone kama pundamilia wametoka njiani. "He overflew the airstrip, then landed." Hapo "alipita juu ya kiwanja, kisha akatua" ni sahihi. Lakini kama sentensi inasema alikosa kiwanja akaenda mbele, basi "alikipitiliza" ndilo neno lake.