Taa ya LED ya kuonyesha friji na betri ya pili kwenye gari la utalii

Gari la utalii linalotoka Arusha alfajiri kwenda Karatu na kuendelea Serengeti limebeba umeme ambao kiwanda hakikuupangia: friji, inveta ya kuchajia kamera, redio kol, betri ya pili. Dereva hajui friji imezima mpaka mgeni afungue chupa na kukuta maji ya uvuguvugu. Taa moja ya LED ya milimita 5 kwenye dashibodi inamaliza shida hiyo, mradi tu uchukue umeme mahali panapofaa.

Wengi huunga kwenye swichi kwa sababu iko karibu. Taa ya namna hiyo inakwambia tu kwamba swichi imebonyezwa. Fyuzi ya friji ikiungua kule nyuma, taa inaendelea kuwaka na wewe unaendelea kuiamini. Ukitazama chini ya rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, utaona namba: 30 ni umeme kutoka betri, 85 na 86 ni koili (waya uliozungushwa unaoivuta swichi), 87 ndiyo inayokwenda kwenye friji. Usiunge kwenye koili. Kila rilei inapoachia, koili hurudisha msukumo mkali wa volti za kinyume, na LED nyingi huvumilia kinyume volti 5 tu. Inakufa baada ya wiki chache na hujui imeuawa na nini. Chukua umeme upande wa 87, na ikiwezekana kwenye soketi yenyewe ya friji, baada ya fyuzi yake. Hata hapo taa inathibitisha kwamba umeme umefika, haithibitishi kwamba kompresa inazunguka.

Vifaa si vingi, na fundi redio yeyote anavyo: LED nyekundu au ya kijani, kishikio chake, rezista ya kupunguza umeme, omu 1,000 ya nusu wati (mistari ya kahawia, nyeusi, nyekundu), dayodi 1N4007 inayopitisha umeme upande mmoja tu, waya wa milimita 0.5 za mraba, na mpira mwembamba unaosinyaa kwa moto. Injini ikiwa inanguruma, alteneta hutoa takriban volti 14.4. LED nyekundu inakula volti 2, zinabaki 12.4, gawanya kwa omu 1,000 unapata miliampea 12. LED nyingi za aina hii mwisho wake ni 20, kwa hiyo 12 inaonekana vizuri mchana na haiichoshi. Kwa Fuso au gari lolote la volti 24 weka omu 2,200. Ukinunua LED yenye nyaya mbili tayari na uvimbe kwenye mmoja wao, rezista imo ndani. Usiongeze nyingine, na usiipeleke kwenye volti 24 kama imeandikwa 12.

Kabla ya kugusa chochote, toa waya wa hasi kwenye betri zote mbili. Kusahau ile ya pili ndiko kunakoleta cheche. Nyaya zenye mfuko au soketi ya njano chini ya usukani kwa kawaida ni za mfuko wa hewa, zipishe kabisa.

Rezista ichomelee pale unapochukulia umeme, isikae kwenye LED. Ikikaa mwanzoni, waya mrefu unaopita chini ya kapeti ukichubuka na kugusa bodi, hauvuti zaidi ya miliampea 15 na hakuna kinachoungua. Ikikaa mwishoni kwenye LED, waya huohuo mwembamba unabeba nguvu yote ya fyuzi ya friji.

Mguu mrefu wa LED ni chanya. Mfupi, ulio upande uliokatwa bapa kwenye ukingo, ni hasi. Dayodi iweke sambamba na LED, mstari wake ukielekea mguu mrefu, ili volti za kinyume zipite humo. Tundu la dashibodi toboa baada ya kupima kishikio, na angalia kwanza nyuma yake kuna nini. Waya ukipita kwenye bati, vika tundu raba.

Vile vibanio vya plastiki vinavyong'ata waya bila kuuchuna, viache dukani. Vinakata nyuzi chache za shaba, kisha vumbi na mtikisiko wa barabara ya changarawe ng'ambo ya lango la Ngorongoro vinamalizia kazi. Chomelea kwa risasi ya kulehemu, vika mpira, halafu funga waya kwenye kitu kigumu sentimita chache kutoka kiungo, kwa sababu waya huvunjika pale risasi inapoishia. Hasi ifunge kwa lagi (kichwa cha chuma chenye tundu) na boliti kwenye bati lililosuguliwa kwa msasa hadi ling'ae. Rangi ikibaki, taa itafifia au kumeta kila ukiwasha taa nyingine.

Betri ya pili inahitaji ujanja kidogo. LED yenye omu 1,000 kwa volti 9 bado inawaka, miliampea 7, na jicho halioni tofauti kubwa. Yaani betri inakufa na taa inatabasamu. Kwa hiyo tumia LED nyekundu, badilisha rezista iwe omu 330 (chungwa, chungwa, kahawia) na uiunganishe mfululizo na dayodi ya zena ya volti 9.1 (hupitisha umeme kinyume pale tu unapozidi volti hizo), namba 1N4739A, mstari wake ukitazama chanya. Sasa kwa volti 14.4 taa inang'aa, kwa 12 inafifia waziwazi, na ikikaribia 11 inazimika. Ukiona inafifia wakati injini imezimwa na friji inafanya kazi, washa injini. Zena ukiigeuza, taa itapata miliampea karibu 35 na kuungua, basi pima kwa mita kwanza. Waya huu uchukue baada ya fyuzi na swichi ndogo, usibaki unanyonya gari likiwa limeegeshwa wiki nzima Moshi.

Rudisha hasi za betri, washa, kisha ng'oa fyuzi ya friji kwa mkono: taa izime papo hapo. Isipozima, umeunga kabla ya fyuzi. Ukizima swichi lakini taa inabaki na mwanga hafifu usiku, kuna kifaa cha elektroniki kinachovujisha umeme kidogo. Weka rezista nyingine ya omu 1,000 sambamba na LED, na mwanga huo utapotea.