Losheni ya mwarobaini na alizeti: anza na isiyo na maji

Akina mama wenzangu wa vikundi huku Dodoma, kwenye hizi losheni za mitishamba kinachotuangusha wengi ni maji. Mimi mara ya kwanza nilichuma mwarobaini mbichi hapo uani, nikatwanga nikachemsha na mafuta ya alizeti, yakatoka ya kijani mazuri kweli, wiki ya tatu nafungua kopo nakuta ukungu umezunguka mdomo wote na harufu siyo yenyewe, nikamwaga lita nzima. Iliniuma sana.

Kwahiyo kama ndo unaanza achana kwanza na ile losheni nyeupe laini, ile ina maji mengi na inataka kihifadhi (kile kinachozuia ukungu na bakteria) cha kupimwa kwa mizani, ukikosea unampaka mtu bakteria. Na vitamini E sio kihifadhi jamani, yenyewe inachelewesha tu mafuta kuchacha. Anza na mafuta ya mgando, yaani alizeti, majani na nta ya nyuki basi.

Majani yaoshe, yakung'ute maji, yaanike kivulini penye upepo, sio juani kama tunavyoanika mlenda, jua kali linaunguza vile vitu vyenye faida. Yamekauka pale ukiyafikicha yanavunjika yanakuwa unga na hata kikonyo kinakatika ta! Kikonyo kikipinda tu rudisha kivulini. Kiangazi chetu hiki cha Juni mpaka Oktoba ni kikavu, kitumie kukausha ya mwaka mzima.

Mafuta ya alizeti ya mashine yaache yatulie siku kadhaa, chota ya juu tu, mashapo acha chini. Gramu 100 za majani makavu kwa gramu 500 za mafuta, weka kwenye bakuli la stenlesi juu ya sufuria ya maji, moto mdogo masaa mawili matatu, mafuta yasitoe moshi wala yasichemke. Chuja na kitambaa cheupe kikavu. Kisha kila gramu 400 za hayo mafuta kwa gramu 100 za nta safi, nta inayeyuka kwenye kama nyuzi 63 hivi kwahiyo usiongeze moto. Dondoshea tone kwenye kijiko cha baridi uone linavyoganda. Ya kuuza Oktoba na Novemba ongeza nta kidogo, joto la hapa linayalainisha mpaka yanavuja kwenye kopo.

Shubiri ni nzuri ila jeli yake karibu yote ni maji, haiingii humu. Ukiitumia mbichi mwenyewe, simamisha jani kwanza ule utomvu wa njano utoke, unawasha ngozi.

Kabla hujampa mteja mpake kidogo ndani ya kiwiko asubiri siku mbili. Watoto wachanga na wajawazito usiwauzie yenye mwarobaini. Na tafadhali sana usimwambie mtu mwenye ualbino kwamba inazuia jua, haizuii, utamuumiza.

Kwenye lebo andika vilivyomo, uzito, tarehe ya kutengeneza na namba ya toleo, yaani ya mkupuo uliotengeneza. Usiandike inatibu fangasi au pumu ya ngozi, hapo umeshaingia kwenye dawa. Vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), nenda ukaulize kabla hujachapisha lebo, na SIDO (shirika la viwanda vidogo) pia pitia maana wanafundisha wajasiriamali wadogo usindikaji na ufungashaji.