Subaru iko Kigoma, wewe uko ughaibuni: spea kwanza, alaimenti baadaye

Umekaa Leicester au Minneapolis, Subaru Impreza WRX STI yako imebaki Mwanga, Kigoma, kwa mdogo wako, na simu inaingia: "Kaka, usukani unavuta, tuma hela ya alaimenti." Usitume kwanza. Mimi nilituma. Gereji ikafanya alaimenti, yaani ikapima na kunyoosha mwelekeo wa tairi, usukani ukakaa sawa, na kabla mwezi haujaisha tairi za mbele zilikuwa zimelika ukingo wa ndani mpaka nyuzi zikaonekana. Tairodi endi ya kushoto, kile kiungo cha mwisho cha fimbo ya usukani inayogeuza tairi, ilikuwa imekwisha na hakuna aliyeigusa. Ukipima gari lenye spea inayopwaya, kipimo hicho kinaharibiwa na shimo la kwanza barabarani.

Mwombe mdogo wako akupigie video, mbele ya gari ikiwa imeinuliwa na kukalia stendi, si jeki peke yake. Mmoja ashike tairi kushoto na kulia alitikise, mwingine aweke kidole kwenye kiungo cha tairodi. Kiungo kikigonga kidoleni, tairodi ndiyo yenye kosa. Tairi likicheza juu na chini, tazameni boljointi (kiungo cha mpira kinachoshika mkono wa chini wa tairi) na beringi. Kisha amulike tochi kwenye buti za reki (chuma cha usukani kinachosukuma tairodi kushoto na kulia), zile raba zenye mikunjo. Vumbi jekundu la kiangazi likipenya kwenye buti iliyochanika linasaga reki kama msasa, na reki ndiyo spea ghali kuliko zote hapa.

Hapo ndipo wewe wa ughaibuni una faida. Tairodi endi zinaingia kwenye begi. Agiza kwa namba ya chasisi, si kwa mwaka wa gari, kwa sababu STI za miaka inayokaribiana zinaweza kutolingana spea. Nunua jozi, pamoja na buti na kota pini mpya, zile pini zinazozuia nati isifunguke.

Wakati wa kufunga, fundi aweke alama ya rangi kwenye loki nati, ile inayobana tairodi endi isizunguke, na ahesabu mizunguko anapoitoa endi ya zamani, mpya iingie mizunguko ile ile. Mzunguko mmoja tu unaweza kugeuza tairi zaidi ya nusu digrii. Nati yenye meno ikipita tundu la kota pini, aikaze mbele hadi tundu linalofuata, asiirudishe nyuma kamwe. Bushi za raba zikibadilishwa, bolti zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake, la sivyo raba inakaa imejipinda na kuchanika mapema.

Sasa alaimenti. Kama mashine iko mbali, kipimo cha muda kwa mshipi wa kuvulia samaki kinafikisha gari huko salama. Nilishika mshipi huo mwenyewe nilipokuja likizo: unafungwa kwenye stendi nne, ukanyooka pande zote mbili za gari kwa urefu wa katikati ya rimu, na umbali wake kutoka kitovu cha tairi uwe sawa kushoto na kulia. Usukani ufungwe ukiwa umenyooka, upepo wa tairi uwe sawa. Pima kwa rula kutoka mshipi hadi ukingo wa mbele wa rimu, kisha ukingo wa nyuma. Kwenye rimu ya inchi 17, tofauti ya milimita 1 ni kama dakika 7 au 8 za digrii (digrii moja ina dakika 60). Utaona mshipi mwembamba ukitetemeka kwa upepo wa ziwani, kwa hiyo pimeni asubuhi.

Kwenye mashine, mpangilio ni huu: tairi za nyuma kwanza, halafu kemba, yaani kuinama kwa tairi, na tou, yaani tairi kuelekea ndani au nje, mwisho, maana ukigusa kemba tou inahama. STI ina bolti ya kemba inayoshika shokapu mbele, kwa hiyo fundi asikuambie hairekebishiki. Usiombe kemba ya mashindano kwa gari la kwenda Ujiji na kurudi. Tou karibu na sifuri na kemba sawa pande zote mbili inatosha kabisa. Dai karatasi yenye vipimo vya kabla na baada, ipigwe picha pamoja na namba ya gari.

Jaribio lifanyike kwenye lami tambarare. Barabara zetu zina mteremko wa maji upande wa kushoto, na gari likivuta kidogo upande huo halina ugonjwa.