Kuacha Sigara Ughaibuni: Msaada Upo, Uombe

Wengi wetu ughaibuni tukiamua kuacha sigara tunapambana kimyakimya, kana kwamba kuomba msaada ni kujianika. Nikotini inaushika mwili, na nchi nyingi tunakoishi zina huduma za bure za kukusaidia kujinasua.

Anza na simu. Marekani ni 1-800-784-8669, Kanada 1-866-366-3667, Uingereza 0300 123 1044, Australia 13 7848. Anayepokea ni mshauri, hakuhubirii. Atauliza unavuta ngapi kwa siku, na ya kwanza unaiwasha muda gani baada ya kuamka. Jibu la swali hilo la pili huonyesha uraibu umekukamata kiasi gani. Kiingereza kikikupiga chenga, uliza kama kuna mkalimani wa Kiswahili. Kwa walio Australia, ipo pia huduma ya wakalimani kwa namba 131 450. Mtoto wako asikutafsirie: mbele yake hutasema ukweli wote, hasa kama unavuta kwa kujificha.

Kisha dawa. Plasta ya nikotini huachia nikotini polepole kutwa nzima, na chingamu ya nikotini huzima hamu inayoibuka ghafla. Kuzitumia pamoja husaidia zaidi kuliko kutumia moja. Ila chingamu hii ina namna yake: tafuna mpaka ladha kali itoke, iegeshe kati ya shavu na ufizi, ladha ikififia utafune tena. Ukiitafuna mfululizo utaimeza nikotini na kupata kwikwi au kichefuchefu. Vipo pia vidonge vya vareniklini, vya kupunguza hamu ya sigara, ambavyo kwa kawaida huanzwa wiki moja au mbili kabla ya siku ya kuacha. Hivyo mwone daktari mapema.

Ukimwona, mtajie dawa zote unazotumia. Moshi wa sigara huharakisha ini kuvunja baadhi ya dawa, kama klozapini (ya maradhi ya akili) na theofilini (ya pumu), kwa hiyo ukiacha kuvuta kiwango chake hupanda mwilini na dozi huenda ikahitaji kupunguzwa. Kafeini nayo ni vivyo hivyo. Kutetemeka na kukosa usingizi unakodhani ni arosto ya kukosa sigara kunaweza kuwa ni kahawa tu.

Kuhusu watu, chagua mmoja au wawili na uwaambie hasa unachotaka: "Nikikupigia, niongeleshe dakika tano, usinilaumu." Hamu kali mara nyingi hupita ndani ya dakika chache. Kutangaza kwenye kundi la WhatsApp la ukoo sikushauri. Utamiminiwa dua na mitishamba, na siku ukiteleza utaona haya kusema.

Kazini ndiko kugumu zaidi. Kwa mgeni, pale nje wanapovutia sigara huenda ndipo mahali pekee anapoitwa kwa jina na kuchekeshwa. Ukiacha sigara unapoteza na hiyo kampani, na hakuna plasta ya kuiziba. Mwombe mmoja wao mtembee kidogo wakati wa mapumziko, au mle pamoja.

Arosto huwa kali siku za mwanzo na hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne. Ukivuta moja katikati, mpigie mshauri siku hiyohiyo. Na huzuni ikizidi, usisubiri miadi ijayo, mwambie daktari.