Vidukari kwenye makangaga ya ndani: jinsi ya kuwamaliza bila kuuchoma mmea

Kangaga, au ferni kama wengi tunavyoiita, likishikwa na vidukari kazi siyo kuwaua tu, kazi ni kuwaua bila kuliunguza kangaga lenyewe. Kidukari ni mdudu laini, ukimbinya kidogo tu kapasuka, ila na jani la kangaga nalo ni laini vilevile, na dawa nyingi ambazo waridi linazivumilia kabisa, kangaga zinalikausha ncha ndani ya siku mbili. Nalea makangaga ndani ya nyumba miaka mingi sasa na haya ndo nayofanya mwenyewe, kwa mpangilio huuhuu.

Hatua ya 1: hakikisha ni vidukari kweli

Watu wananitumia picha za vidoti vya kahawia chini ya jani, wameshashika chupa ya dawa mkononi, kumbe ni vifuko vya spora, vile vichembe kama vumbi vya kuzaliana. Kangaga halitoi maua wala mbegu, linazaana kwa spora, na vile vifuko vimepangika kwa mistari, vinalingana ukubwa, vipo upande huu na upande ule wa mshipa wa kati. Hivyo viache, ni afya hiyo. Wadudu gamba, wadudu wengine wanaoganda kwenye jani kama vidoti, wao wanakaa hovyohovyo, na ukikwangua kwa ukucha wanabanduka.

Kidukari ana milimita 1 hadi 3 hivi, umbo kama tunda la pea, miguu mirefu myembamba, na nyuma ya mwili ana vijibomba viwili vimechomoza, ukiona hivyo vijibomba umemjua. Wapo wa kijani, wa njano, weusi, na kuna mmoja anayependa makangaga hasa, Idiopterus nephrelepidis, kadogo keusi miguu myeupe-myeupe, ukimtafuta kwa haraka unadhani ni vumbi la udongo.

Washa tochi ya simu, geuza jani, halafu angalia vile vichipukizi vipya vilivyojikunja kama konokono, maana huko ndo kwenye utomvu mtamu na huko ndo wanajazana, ndani kabisa ya ule mkunjo. Ukiona vitu vyeupe kama majivu juu ya majani ya chini, hizo ni ngozi walizojivua. Meza chini ya chungu ikinata ukiigusa, ni ule utamu wanaoutoa. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka, basi usihangaike kutafuta zaidi, hao wanafuata huohuo utamu. Mi huwa naweka karatasi nyeupe chini ya jani nagonga mara mbili tatu, vikianguka vidoti vikaanza kutembea, jibu limepatikana.

Hatua ya 2: tenga

Litoe kangaga taratibu bila kulitikisa, liweke peke yake, kagua mimea yote iliyokuwa inagusana nalo, futa na pale lilipokuwa limekaa. Vidukari wakibanana sana wanaanza kuzaliwa wenye mabawa, wakifika hapo wanaruka kwenda chungu kingine wenyewe.

Hatua ya 3: punguza majani

Majani yaliyojaa sana au yaliyokwisha kuwa ya njano yakate mpaka chini karibu na udongo, mkasi uwe msafi, weka kwenye mfuko, funga, toa nje. Usiyaache kwenye pipa la ndani. Aina ngumu kama kangaga la Boston hata ukizikata zote zikabaki sentimita 5 zinachipua tena kama mizizi ni mizima, ila hiyo iwe ya mwisho kabisa, hali ikiwa mbaya sana.

Hatua ya 4: maji, na hapa usiwe na haraka

Hii ndo dawa yenyewe na watu wengi wanairuka. Funika udongo kwa mfuko wa plastiki, ufunge kuzunguka mashina ili udongo usimwagike wala usilowe kupita kiasi, kisha laza chungu ubavu bafuni, chukua maji ya vuguvugu (siyo ya moto, siyo ya baridi kali) na presha ndogo, osha kutokea CHINI ya majani kwenda juu huku mkono wako mwingine umelikinga jani kwa nyuma lisivunjike. Jani kwa jani. Vichipukizi vilivyojikunja vipitishie maji pole pole mpaka uone vidoti vinatiririka. Dakika kumi kwa chungu kimoja cha wastani siyo nyingi. Kangaga lenye majani membamba kama Adiantum usilipige dushi, litalala lote, lenyewe pindua chungu ukiwa umeufunga udongo vizuri, zamisha majani kwenye ndoo ya maji uyazungushe taratibu. Ukimaliza liache lichuruzike kivulini.

Hatua ya 5: sabuni, kama maji hayakutosha

Subiri siku tatu, kagua. Wakiwa bado wengi, changanya sabuni ya maji isiyo na manukato wala viondoa mafuta, kijiko kimoja cha chai (mililita 5) kwa lita 1 ya maji, na kama unaipata ile sabuni iliyotengenezwa kwa ajili ya mimea, chukua hiyo ufuate kipimo chake. Sabuni ya unga ya kufulia hapana. Mi niliwahi kupulizia Adiantum sabuni ya vyombo, nzito, mchana jua linapiga dirishani, kesho yake majani yote yamekunjamana kama karatasi iliyoungua, iliniuma sana kwa sababu vidukari wenyewe walikuwa wachache tu wa kuosha.

Kwa hiyo jaribu kwanza kwenye jani moja, subiri saa 24 hadi 48, likiwa salama ndo unapuliza mmea mzima, jioni, mbali na jua. Sabuni inaua kidukari iliyemgusa tu, ikikauka haina kazi tena, ndo maana lazima ifike chini ya majani na kwenye mikunjo. Baada ya saa moja au mbili suuza kwa maji safi. Spiriti usipake kabisa kwenye kangaga, na mafuta ya mwarobaini kwenye majani membamba mi siyatumii.

Hatua ya 6: rudia

Hapa ndo wengi wanashindwa. Wameosha mara moja, wakaona pasafi, wakarudisha chungu sebuleni, wiki mbili baadaye wamejaa tena. Ndani ya nyumba jike halihitaji dume wala halitagi mayai, linazaa watoto hai kila siku, na mtoto naye ndani ya siku 7 hadi 10 hivi ameshaanza kuzaa, kwa hiyo mmoja tu aliyejificha kwenye mkunjo anatosha kurudisha ukoo wote. Osha kila baada ya siku 4 au 5, kwa wiki tatu, hata kama huoni kitu, weka alamu kwenye simu.

Ule weusi kama masizi unaoota juu ya utamu ni ukungu, unakaa juu tu ya jani, kitambaa chenye maji kinautoa.

Wakati huo wote simamisha mbolea, maana naitrojeni nyingi inaleta machipukizi laini ambayo ndo chakula chao, ukirudi anza na nusu ya kipimo. Na mmea wowote mpya unaouleta ndani ukae peke yake wiki mbili tatu kwanza.

Kangaga langu silirudishi na wenzake mpaka nione vichipukizi viwili au vitatu vipya vimekunjuka vyote visafi, na karatasi nyeupe niliyoitandika chini ya chungu imekaa siku kumi hainati.