Ukiitwa kujieleza kuhusu mahindi yaliyopungua ghalani

Nawaandikia watunza stoo na makarani wa mizani wa maghala ya mahindi, kuanzia hapa Uyole, Mbeya, hadi Mbozi. Mimi ni mwakilishi wa wafanyakazi na nimekaa na wenzangu wengi wakihojiwa. Ninachoumia nacho ni kwamba wanaoponzwa na mahojiano mara nyingi si wezi. Ni watu waliojibu wasichokijua.

Kabla ya yote, mjue anayekuuliza. Mkaguzi aliyeletwa na mwajiri si polisi. Muulize jina, cheo, na anachunguza mzigo upi wa tarehe ipi. Kisha omba kuona leja, kitabu cha mizani na kitabu cha getini kabla hujajibu. Akikataa, mwambie aandike kwamba uliomba ukakataliwa.

Sasa lile swali lenyewe: "Mahindi yamekwenda wapi?" Usilipokee hivyo, maana tayari lina mwizi ndani yake. Uliza kwanza upungufu ulionekanaje: walipima kilo au walihesabu magunia? Mahindi yakiingia na unyevu wa asilimia 16 yakakauka hadi 13, kila kilo 100 zinabaki kama 96.5. Kwa tani 100, hizo ni karibu tani 3.5 zilizopungua bila mtu kugusa gunia. Kwa hiyo uliza unyevu uliopimwa siku ya kupokea na siku ya kukagua, na kama mzani ni uleule. Lakini kama yaliyopungua ni magunia kwa idadi, habari ya unyevu iache. Ukiing'ang'ania, utaonekana unatafuta pa kujificha.

Ukijibu, tenga ulichokiona na unachokidhania. "Nilimwona akifunga mlango saa kumi na mbili jioni" ni ushahidi. "Nadhani ni yeye" ni kumchongea mwenzio. Hukumbuki? Sema hukumbuki, halafu nyamaza. Watu wengi hawawezi kuvumilia ule ukimya mkaguzi anapoinama kuandika, wanaongezea maneno, na hayo ya nyongeza ndiyo yanayowarudia. Na kama ulimwachia mwenzako funguo ukaenda kula, sema. Ukidanganya hapo, hata la kweli halitaaminika.

Maelezo yaliyoandikwa yasome neno kwa neno. Ukikuta "nakiri" wakati wewe hukukiri, likate kwa mstari, sahihisha, na weka saini pale pale uliposahihisha. Omba nakala, au piga picha kwa simu.

Karatasi ya kukubali kulipa "ili yaishe" usiisaini siku hiyo, nakusihi. Sheria yetu ya Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka hasara iwe imetokana na kosa lako, mwajiri akueleze kwa maandishi chanzo chake na hesabu yake, na upewe nafasi ya kupinga. Hata ukikubali, makato hayo hayatakiwi kuzidi robo ya mshahara wako.

Ukisimamishwa kupisha uchunguzi, mshahara wako wote unaendelea. Ukiitwa kikao cha nidhamu, kwa kawaida unapewa angalau saa 48 za kujiandaa, na una haki ya kwenda na mwenzako au mtu wa chama cha wafanyakazi. Usiende peke yako.

Kituo cha polisi ni habari nyingine. Kule una haki ya kunyamaza, na ya kuomba wakili, ndugu au rafiki awepo unapohojiwa. Yaombe hayo mapema, kwa heshima, kabla kalamu haijaanza kuandika.

Ukiachishwa kazi na huridhiki, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, inapokea lalamiko lako ndani ya siku 30. Siku ukikabidhiwa barua ya kuachishwa, andika juu yake tarehe na saa uliyoipokea, na ukiweza, aliyekukabidhi asaini hapo.